Isale la Mzee Gidioni

Kila asubuhi kabla ya shule, Aikande alikata majani ya ng'ombe na kumfagilia bibi yake, Bibi Ndelilio, uwanja. Asubuhi hiyo alifuatwa mgombani na Mzee Gidioni, mnunuzi wa kahawa aliyekuwa akigombea udiwani pale Kirua.

Wasifu wa mzee huyo kila mtu aliujua, maana aliutangaza mwenyewe kwa kipaza sauti. Mfanyabiashara: tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, mizani yake ilikuwa na njaa kuliko tumbo lake. Askari: vita vya Kagera alivipigana stoo, akilinda maharage, na maharage yakapungua. Sasa mwanasiasa.

Kikwazo chake kilikuwa Bibi. Msimu uliopita Bibi alimkamata mzee huyo akiinua gunia la kahawa ya Bibi kwa goti ili mizani isome uzito mdogo. Tangu siku hiyo ukoo mzima ulimpa kisogo, na ukoo wenyewe si mdogo.

Pale mgombani Mzee Gidioni akamkabidhi Aikande jani la isale. Kwa Wachagga, ukilipokea jani hilo huwezi kumnyima msamaha aliyekuletea. Amfikishie Bibi, naye atapewa viatu vipya.

Aikande alijua Bibi angelirudisha. Isale huletwa na mkosaji mwenyewe, akiwa na wazee, na kosa hutajwa. Lakini viatu vyake vya zamani vilikuwa vinacheka mbele na nyuma. Akalichomeka jani kwenye banda la mbuzi, akaenda kumwambia mzee limepokelewa, akapewa viatu vipya.

Jumamosi, kwenye mkutano wa kampeni, Mzee Gidioni alisimulia Kagera tena, risasi zikiwa zimeongezeka. Kisha akatangaza kwamba Bibi Ndelilio amemsamehe, na akamwita Aikande athibitishe.

Bibi alikuwa benchi la mbele. Aikande akikubali tu, Bibi ataonekana amesamehe wizi ambao hakuna aliyeukiri.

Akavua vile viatu vipya, akaviweka mezani.

"Bibi, isale sikukuletea," alisema. "Nililificha bandani, mbuzi amelila. Nilidanganya nipate viatu."

Jirani yao, Mzee Elisaria, akainuka taratibu. "Basi, Gidioni, kaombe kura kwa mbuzi. Ndiye aliyekusamehe."

Watu walicheka mpaka kipaza sauti kikazidiwa. Udiwani aliukosa.

Njiani Aikande alitembea peku, kichwa chini, akaomba radhi tena.

"Yule amekuwa mfanyabiashara, askari na mwanasiasa," Bibi alisema, "na kote huko hajajifunza kusema nimekosa. Wewe umesema mbele ya watu. Msamaha hautumiwi mtoto kama chumvi ya dukani, mjukuu wangu. Unauendea mwenyewe na unataja ulichokosea."

Akamshika mkono. "Ila banda la mbuzi utalifagia wewe, mpaka niseme basi."