Koti la Mama Zizini

Kabla jua halijachungulia Molo, Jebet alivaa koti la mama yake akaenda kumkamua Sarai. Ng'ombe huyo alikuwa na maringo: asiponusa koti hilo, aliyazuia maziwa.

Ndani, mama alilala akiutazama ukuta. Hakuna aliyefariki, hakuna aliyemkosea. Furaha ilimtoka tu, kisha hamu ya kula, kisha maneno. Baba alifanya kazi mbali, Olkaria. Kila alipopiga simu, Jebet alimwambia, "Tuko sawa." Aliogopa watu waseme mama ana wazimu.

"Mama Jebet!" jirani yao, Mama Naftaly, aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Siku hizi umeringa, hata kwa chama chetu cha akina mama huji!"

Ukungu ulikuwa mzito. Jebet aliinua mkono, akanyamaza. Jirani alicheka, akaenda zake. Ikawa hivyo kila asubuhi: watu waliona koti, wakajua mama ni mzima. Hakuna aliyebisha hodi.

Siku moja mama alikataa hata uji. "Niache tu, Jebet," alinong'ona. "Bila mimi mtapumzika."

Jebet alitoka na ndoo.

"Mama Jebet! Leo pia hunijibu?"

"Si mama," Jebet alisema, machozi yakimtiririka. "Ni mimi. Mama haamki tangu tuvune viazi."

"Uuwi! Na mimi nikisema ameringa!" Mama Naftaly alipenya katikati ya ua, gauni likararuka.

"Tafadhali usiwaambie. Watasema ana wazimu."

"Wacha waseme! Nilipomzaa Naftaly nililia miezi, nikadhani nimerogwa. Daktari ndiye aliyenisaidia."

Aliingia, akaketi kitandani, akamshika mama mkono. "Dada yangu, twende hospitali. Siondoki hapa bila wewe."

Baba alipigiwa simu, akaja siku hiyo hiyo. Hospitalini, muuguzi Celestine alimsikiliza mama bila haraka. Mama alipewa dawa, na kila wiki akarudi kuzungumza naye. Hakupona kwa siku moja. Lakini Jumamosi moja alitoka nje, akamkuta Jebet akimenya viazi, akaokota ganda.

"Jebet, nani alikufunza kumenya viazi? Unatupa nusu!"

Jebet alicheka hadi akalia.

Mama Naftaly alimvuta kando. "Akili nayo huugua, mwanangu, kama kifua. Si aibu, na ina matibabu. Ukiona mtu wako anazama, usimbebe peke yako. Sema. Na asiyesikia, mwambie tena."