Kovu Kwenye Plasta

Fundi wa miguu ya bandia alibandua bandeji iliyokauka, akapangusa vumbi, akabaki amekishika kile kigutu cha plasta, mfano wa mguu uliokatwa, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Mguu alioupima asubuhi ulikuwa wa mama yake mzazi, uliokatwa kwa sababu ya kisukari. Kigutu cha mama kilikuwa kinene na laini. Hiki kilikuwa chembamba, chenye kovu lililopinda kwenye ncha ya mfupa.

Kovu hilo alilijua. Lilikuwa la yule mwanamke mshonaji, mteja wake, marehemu.

Akapima upya, akamwaga plasta upya. Kikatoka kilekile, na safari hii kilikuwa na joto, kikinuka kidonda kilichofungwa siku nyingi.

"Mbona umesawijika, mwanangu?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Plasta mbovu tu, mama."

Mwongo mkubwa! Plasta ilikuwa nzima, mbovu alikuwa yeye. Kila fundi wa miguu ya bandia anajua kwamba penye nyama plasta hupunguzwa kwa tupa, na penye ncha ya mfupa huongezwa, ili mfupa upate nafasi ndani ya mguu mpya. Ya mshonaji aliipunguza palepale pa kuongeza, kwa haraka ya kuwahi mpira. Mama wa watu akarudi akilalamika kwamba mguu unabana. "Utazoea," akamwambia. Akarudi tena, anajikongoja. "Mazoezi unayakwepa, mama. Utazoea." Kidonda kikaoza, kikampeleka kaburini.

Mganga wa majini aliyeitwa kwa siri aliinusa karakana, akafunga mkoba wake bila hata kuwasha ubani.

"Huyu hafukuziki," alinong'ona. "Kamwambie mumewe ukweli. Usipomwambia, atahamia kwa mtu unayempenda."

Fundi akaenda. Mgane alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha kando ya cherehani iliyofunikwa shuka, na kabla mgeni hajafungua mdomo, mwenyeji akaanza kulia.

"Nimemuua mimi, fundi. Alikuwa anauvua ule mguu, mimi namlazimisha auvae. Namwambia fundi ndiye anayejua, kasema utazoea. Niambie kweli, ndugu yangu, si mimi?"

Chini ya shuka kanyagio la cherehani likaanza kwenda lenyewe, polepole, kama la mtu anayeshona kwa mguu mmoja, na ile harufu ikapanda mpaka kooni, na fundi akajua kwamba maneno mawili tu yangetosha, ni mimi, lakini aliyatafuta na ulimi ukamzidi uzito, akajisikia anasema, "Kazi ya Mungu, kaka. Usijilaumu sana."

Kanyagio likasimama.

Kesho yake kigutu kilichotoka kilikuwa cha mama, kinene na laini. Fundi alilia kwa furaha. Aliongeza plasta penye mfupa, akautengeneza mguu mpya, akaulainisha kwa msasa mpaka ukateleza. Siku ya kuujaribu, mama alisimama katikati ya vyuma viwili vya kujifunzia, akatembea kama aliyezaliwa nao. Mafundi wenzake wakapiga makofi. Mwanawe akapiga magoti kumkazia mikanda.

"Hauumi, mama?"

Mama alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu amzae, hakumwita mwanangu.

"Unabana, fundi," alisema. "Lakini nitazoea."