Bango Juu ya Duka la Munsami

Munsami ni fundi cherehani. Duka lake liko mtaa wa ufukweni, katika mji mdogo wa kisiwani wa Levuka. Ni duka la mbao, la zamani, lenye veranda mbele kama maduka yote ya mtaa ule. Baba yake alishona humo, na yeye anashona humo.

Kila asubuhi mkewe, Angamma, humletea chai na roti. Munsami hula huku mguu uko kwenye pedali.

Lakini mwaka huu pedali ilikuwa inalala. Wateja walipungua. Siku moja mchungaji wa kanisa alirudisha sulu yake, vazi la kiunoni kama shuka, lenye mfuko.

"Fundi, mfuko umekaa upande."

Munsami aliufumua, akaushona tena. Ukakaa upande tena.

"Macho yangu yamekwisha, Mama Rekha," alimwambia mkewe. "Tuuze cherehani. Twende Suva tukakae kwa mtoto."

"Ukafanye nini huko?"

"Nikakae."

Angamma alimjua mume wake. Kukaa hakuweza.

Wiki ile akaja wakala wa kampuni moja ya soda, bwana mcheshi.

"Mama, duka lenu halionekani," alisema. "Tutawawekea bango kubwa juu ya paa, lina taa ndani. Mbele tutapaka rangi yetu nyekundu. Yote bure. Na jina la mzee tutaliandika."

"Wapi?"

"Pale chini, kwenye kona."

Angamma alifurahi. Wateja wakirudi, Baba Rekha ataacha habari ya Suva. Akamwambia yule bwana aje Jumatatu.

Jumamosi alipita jirani yao, Vasiti. Vasiti ni seremala. Anafanya kazi katika ofisi ya mji inayotunza majengo ya kale. Angamma akamweleza habari ya bango.

"Mmepeleka mchoro ofisini?" Vasiti aliuliza.

"Mchoro wa nini? Duka si letu?"

"Ni lenu, mama. Lakini mtaa huu umehifadhiwa. Ukitaka kuweka kitu nje, kibao, taa, hata rangi mpya, unaonyesha mchoro na kuomba kibali kwanza. Ukiweka bila kibali, utaambiwa ukitoe."

"Kwa hiyo mnataka mume wangu asionekane?"

"Nani kasema? Njoo tutembee."

Walikwenda hadi gatini, kisha wakageuka. Walirudi wakipita chini ya veranda, kama wanavyopita watu wote, kwa kukwepa jua na mvua. Karibu na duka Vasiti akasimama.

"Mama, tazama juu. Unaona nini?"

"Paa la veranda."

"Na bango la juu ya paa, ungeliona?"

Angamma akainua shingo tena. Paa la veranda lilikuwa limeziba kila kitu.

"Samaki wangeliona," alisema Vasiti. "Ila samaki hawavai sulu."

"Usinicheke, mtoto wewe."

"Sikucheki, mama. Na misumari ya bango lile itatoboa mbao za zamani. Maji ya mvua yatapita nyuma yake. Hamtayaona, mpaka siku ukuta unaoza."

Wakafika dirishani. Kioo chote kilikuwa kimefunikwa matangazo ya soda, sabuni, simu na samaki wa kopo. Kila wakala aliyeomba kubandika, Munsami alimruhusu. Hajui kumkatalia mtu. Tena alisema karatasi zinazuia jua lisichujue vitambaa.

"Humu ndani kuna nani?" Vasiti aliuliza.

"Unamjua."

"Mimi namjua. Mgeni aliyeshuka feri sasa hivi je? Atadhani ni duka la samaki wa kopo."

Angamma aliweka jicho kwenye upenyo kati ya karatasi mbili. Alimwona mumewe ameinama, pua karibu iguse sindano. Alikuwa ameuelekeza uzi kwenye mwanga mdogo unaotoka mlangoni. Nje kulikuwa na jua la saa nne.

Angamma akaenda kuleta ndoo ya maji ya moto.

Walilowesha karatasi na kubandua, moja baada ya moja. Ndani Munsami akalalamika.

"Mama Rekha, mnaniharibia vitambaa."

"Vitambaa tutavihamishia rafu ya nyuma. Wewe kaa hapo hapo."

Karatasi ya mwisho ilipotoka, mwanga ukaanguka juu ya cherehani. Munsami akatulia. Alilowesha uzi mdomoni, akausogeza kwenye tundu la sindano. Ukapita mara moja. Akautazama. Kisha akamtazama mkewe kupitia kioo, akasema neno. Angamma hakulisikia, ila aliuona mdomo wake: "Umeingia."

Jumatatu wakala alirudi. Angamma alimpa chai na roti, akamwambia bango hawalitaki.

"Lakini ni bure, mama."

"Hata roti ni bure. Kula."

Vasiti alichora kibao kidogo cha mbao cha kuning'inia chini ya paa la veranda, kimekingama juu ya njia, ili mtu akione akiwa bado mbali. Kilikuwa juu kiasi cha kutogonga kichwa. Kingeshikwa na boriti ya veranda, si ukuta. Kilikuwa na herufi za kupakwa kwa brashi na hakikuwa na taa. Walipeleka mchoro ofisini, wakasubiri wiki mbili, wakapata kibali.

Kabla ya hapo, kilichochelewesha mchoro ni maneno ya kuandika. Munsami alitaka "Fundi" tu. Angamma alitaka na jina.

"Watu wote wananijua," alisema Munsami.

"Wanaokujua hawasomi kibao, Baba Rekha."

Jina likaandikwa.

Mchungaji alipokuja tena, mfuko wake ulikuwa umenyooka. Aliuvuta huku na huku, akaagiza sulu nyingine. Wageni wa feri sasa husimama dirishani kutazama mzee akishona. Wengine huingia na begi lililochanika au suruali ndefu kupita miguu yao. Habari ya Suva haijasikika tena.

Juzi Angamma alitoka sokoni na kapu la mihogo. Alifika dukani, hakuingia; alisimama dirishani. Mgeni mmoja akaja nyuma yake na shati mkononi.

"Mama, uko kwenye foleni?"

"Pita tu, mwanangu," alisema Angamma. "Mimi namtazama."