Doa la Tatu

Vidole vya Kalisti juu ya kishikwambi vilikuwa viwili, lakini madoa mekundu yaliyowaka kwenye kioo yalikuwa matatu.

Alikuwa akitengeneza programu ya kuchezea picha. Ukiweka vidole viwili na kuvitanua, picha inakua, ukivibana, inasinyaa, ukizungusha mkono, nayo inazunguka. Ili ajue kama kioo kinahisi kila kidole, aliiandika iwashe doa jekundu popote kinapogusa. Picha ya majaribio ilikuwa ya mkewe, Martina.

Alifuta kioo kwa shati, akalaumu vumbi la Nyarugusu. Kwa kila kilichomharibikia aliilaumu Nyarugusu. Alifika huko kwa sababu mkewe, muuguzi, alipangiwa zahanati ya pale, na tangu afike hakuacha kuwaonyesha wenyeji kwamba wanamchosha. Wachimbaji wa dhahabu wa pale aliwaita panya. Mama Limi, mwenye nyumba waliyopanga, mtu wa umri wa kumzaa, hakuwahi kupata shikamoo yake hata moja.

Kesho yake doa lilirudi, na chumba kikanuka udongo mbichi, kama shimo lililofunguliwa sasa hivi. Martina aliogopa, akamwita Mama Limi. Yule mama akaeleza kwa sauti ya chini kwamba nyumba imesimama juu ya duara la zamani, shimo la dhahabu ambalo wachimbaji walilifukia wenyewe walipojua lina jini. Halina ugomvi na mtu, alisema, ila lisiitwe. Akamsihi Kalisti akafanyie kazi yake kwingine.

Kalisti alicheka mpaka akakohoa. Wanawake walipotoka, akalaza kishikwambi sakafuni.

"Haya, jini la washamba," alisema. "Gusa tena."

Madoa mawili yakawaka. Yakaanza kusogeleana taratibu juu ya kifua cha Martina pichani, na picha ikaanza kusinyaa, na huko jikoni sufuria ikaanguka, kisha ikasikika pumzi ya mtu anayebanwa, ikikatika, ikirudi, ikikatika tena, huku chini ya sakafu nyundo ikigonga mwamba polepole kama ya mchimbaji asiye na haraka, na Kalisti, badala ya kukimbilia jikoni, alibaki amechuchumaa palepale akibonyeza kitufe cha kuzima ambacho hakikuzima kitu.

Mama Limi ndiye aliyemkuta Martina chini, midomo imebadilika rangi. Akamleta mganga Mayala, aliyekaa nyumba ya pili. Mayala alifukiza dawa, akaketi mbele ya mgonjwa, akauliza kwa upole mgeni aliyemwingia anataka nini. Kinywa cha Martina kikajibu kwa sauti nzito isiyo yake.

"Niliitwa. Aliyeniita aseme mwenyewe, nirudi kwangu."

Mayala akamgeukia Kalisti, akamweleza kwamba hakuna kafara wala dawa nyingine. Akiri tu kuwa ni yeye, aombe radhi, yaishe. Kalisti akatazama ukuta.

"Ni huyo mke wangu," alisema. "Yeye ndiye anayeamini mambo haya."

Nyundo ikakoma. Martina akamtazama mumewe kwa macho ambayo hayakuwa yake, yakampanda na kumshuka, kama mtu anayetafuta kitu cha kuheshimu akakikosa. Kisha akalegea mikononi mwa Mama Limi, akaanza kupumua pumzi zake mwenyewe.

"Limemwachia," alisema Mayala. Akamwambia Martina akusanye nguo zake aondoke kabla jua halijazama. Kalisti aliuliza kwa sauti ndogo, na yeye je? Mayala alikuwa ameshaanza kufunga dawa zake.

Martina alikwenda Buseresere kwa dada yake, Suzana, bila kuaga. Kesho yake asubuhi alikuwa bado anakunywa uji aliopikiwa simu ilipoita. Alikuwa Kalisti. Alimsalimu kwa adabu, akamuuliza hali ya wazazi na ya ng'ombe, akamwambia jini limeondoka, arudi nyumbani. Alizungumza taratibu, kwa Kisukuma kizito cha wazee wa zamani, bila kujikwaa hata mara moja.

Martina alikata simu, akaiweka mbali naye.

Suzana akauliza kama ni shemeji.

"Sauti ni yake," Martina alisema. "Lakini Kalisti hajui Kisukuma. Hakutaka kujifunza hata salamu."