Uyoga wa Profesa Winfrida

Kila masika, kabla ya kwenda shule, Raya alikuwa na kazi yake. Alifagia uwanja, akachota maji, kisha akapanda mlimani na kikapu, akaipita migomba, kutafuta uyoga. Kwao, kwenye miteremko ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, uyoga hauokotwi ovyo. Unachimbwa kwa kijiti mpaka mguu wake wote utoke na udongo wake, kisha unapangwa juu ya jamvi mbele ya bibi yake, Bibi Mosi. Bibi aliugeuza mmoja mmoja, akatazama kama mguuni kuna kile kifuko cheupe kilichokaa kama kikombe, maana hiyo ni alama mbaya. Usio na mguu aliutupa, hata ukiwa umenona namna gani.

Jumamosi moja kijiji kizima kiliamka mapema. Chuo kikuu cha sayansi za afya kule mjini kilikuwa kinaipa maabara yake mpya jina la Profesa Winfrida Kobelo, mzaliwa wa kijiji kile, mwanamke wa kwanza kutoka milima ile kusomea sumu za mimea na uyoga. Alipoulizwa anataka zawadi gani, Profesa alisema anataka uyoga wa karanga uliopikwa na Bibi Mosi.

Asubuhi ile uyoga kikapuni haukutosha. Bibi alikuwa anatwanga karanga, akamtuma Raya peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa inateleza. Raya alianguka, gauni likajaa tope, na huko chini akasikia honi ya gari lililokuja kuwachukua. Chini ya mti mkubwa akaona uyoga mweupe, mwingi, umenona. Kuuchimba mmoja mmoja kungemchelewesha. Akatoa kisu, akakata juu juu, akajaza kikapu, akakimbia.

"Mbona hauna miguu?" Bibi aliuliza, mkono mmoja umeshashika mlango wa gari.

"Niliuchimba wote, Bibi, nikautazama. Miguu nimeikata mtoni, nilipokuwa naosha tope."

Bibi alimwangalia usoni. Dereva akapiga honi tena. Bibi akapokea kikapu.

Jikoni nyuma ya ukumbi wa chuo, sufuria ilichemka na harufu ya karanga ikajaa kila pembe. Raya alikuwa anapanga sahani pamoja na binamu yake, Sufiani.

"Mbona unazigonganisha sahani?" Sufiani alimwuliza. "Unadhani Profesa atakuuliza hesabu?"

"Niache."

"Haya, mama mkubwa. Usituvunjie sahani za watu tu."

Sauti ya kipaza sauti ilikuwa inatoka ukumbini. Mkuu wa chuo alikuwa anasimulia jinsi Profesa, akiwa bado msichana, alivyoshuhudia msiba wa majirani zake. Watu wale walikula uyoga jioni, wakalala wazima, kesho yake wakaanza kutapika na kuharisha. Kisha wakapata nafuu, ndugu wakashukuru, kumbe ini lilikuwa linaharibika kimya kimya. Ndiyo sababu akaenda kusoma. "Na ametufundisha," sauti ilisema, "kwamba sumu ile haifi kwa kuchemshwa."

Raya akaacha kupanga sahani. Akaitazama sufuria. Pengine uyoga ule ulikuwa mzuri tu. Akisema, Bibi ataaibika mbele ya maprofesa, na kijiji chote kitaaibika pamoja naye. Asiposema je?

"Bibi," aliita, lakini sauti ilitoka ndogo mno. Bibi alikuwa ameshaitwa ukumbini. Kwa desturi ya kwao, mpishi wa uyoga hula kwanza mbele ya wageni, ili wageni nao wale bila wasiwasi. Bibi Mosi, amejifunga kanga mpya, alikwenda polepole na bakuli mpaka mbele ya meza kuu. Raya akamfuata. Bibi akachota kijiko, akakiinua.

"Bibi, usile."

Kijiko kikasimama hewani. Vichwa vyote vikageuka.

"Nilikudanganya," Raya alisema, machozi yanamtoka. "Sikuuchimba. Niliukata kwa kisu kwa sababu nilichelewa. Miguu yake sikuiona."

Bibi alirudisha kijiko bakulini taratibu. Profesa Winfrida akainuka, mama mfupi mwenye mvi, akatoka nyuma ya meza.

"Shikamoo," Raya alisema huku akifuta pua.

"Marahaba, mwanangu. Umebaki wowote mbichi?"

Sufiani akaenda mbio kuuleta. Profesa akaugeuza mkononi, akautazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. "Bila mguu, sijui," aliwaambia watu wote. "Unaweza kuwa mzuri, unaweza kuwa wa kuua. Sijui, kwa hiyo hatuli."

Uyoga wote wa sufuriani ukafukiwa kwenye shimo nyuma ya jiko. Wageni wakala wali na maharage.

Baadaye Bibi Mosi alimkuta Raya amekaa ngazini, ameinamisha kichwa. Akakaa karibu naye. "Na mimi nina kosa," alisema. "Nilisikiliza honi nikaiacha kanuni yangu."

Profesa naye akaja, akakaa upande wa pili.

"Raya, unajua kwamba hata Bibi yako angekula, leo tungemwona mzima tu?" alisema. "Angepigiwa makofi. Wote tungekula tukashiba. Sumu ile ina subira, inakuja wakati watu wameshasahau walichokula. Kuonja kwa mpishi hakumwokoi mtu, na jina langu pale mlangoni halimwokoi mtu. Leo tulikuwa na dawa moja tu, nayo ilikuwa mdomoni mwako. Uongo wako ulikuwa mbaya sana, usiurudie. Lakini ukikosea tena, na utakosea, sema mapema kuliko leo. Usingoje mpaka kijiko kiinuliwe."