Kilio Ndani ya Wimbo wa Saba

Donatus Luka alikutwa amelala kifudifudi studioni kwake, Kahama, damu ikiwa imeganda kwenye zulia chini ya kichwa chake. Aliyemkuta ni Eunice, mwimbaji wake, aliyefika asubuhi kwa mazoezi akaona mlango umerudishiwa tu.

Inspekta Philomena Mayala alivaa glavu, akasimama katikati ya chumba. Alitazama kwanza.

Kompyuta ilikuwa mezani, nzima. Kinanda kilikuwa mahali pake. Simu ya marehemu ilikuwa kwenye chaji. Lakini spika mbili kubwa zilikuwa zimepondwa hadi nyaya zikatoka nje, na kando yake ilikuwepo stendi ya chuma ya maikrofoni, kitako chake kina damu.

"Si mwizi," alisema Koplo Fredy.

"Wala si mtu wa kompyuta," Inspekta alijibu. "Aliyetaka kuharibu kazi ya Donatus angevunja kompyuta. Huyu alitaka sauti inyamaze."

Kwenye kiti cha wageni palikuwa na vumbi la kijivu, laini kama unga. Mbele ya kiti, soda iliyofunguliwa lakini haijanywewa. Mgeni alikuwa amekaribishwa vizuri.

Mtaalamu wa alama za vidole alianza kazi. Inspekta akamwita Eunice nje.

"Alikuwa na ugomvi na nani?"

"Na Thobias, mwongozaji wa filamu. Waligombania jina la nani litangulie kwenye jalada la albamu."

"Filamu gani?"

"Ya Bujiku, afande. Yule mchimbaji wa Nyarugusu."

Hakuna asiyeijua habari ile. Maji yalipoingia ndani ya duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, wengine walikimbia. Bujiku alishuka. Aliwatoa wenzake mmoja baada ya mwingine, na aliporudi kumfuata wa mwisho udongo ukamfukia. Filamu ya maisha yake ilikuwa bado haijaonyeshwa hadharani, ila albamu ya muziki wa filamu hiyo ilikuwa imeshatangulia redioni. Inspekta mwenyewe alikuwa nayo kwenye gari. Wimbo wa saba ulimtoa machozi kila mara, na kila mara aliurudia.

Alirudi ndani, akaitazama kompyuta. Wimbo uliopigwa mwisho ulikuwa huo huo. Alivaa vipokea sauti vya masikioni, akasikiliza upya. Zeze lilianza polepole, Eunice akaingia, kisha nyuma yake, mbali, sauti ya mwanamke ikapanda: *Ng'wana wane! Ng'wana wane!*

Mwanangu, mwanangu. Mara zote hizo Philomena alidhani ni uigizaji.

"Huyu wa nyuma ni wewe?"

Eunice alitikisa kichwa. "Nilimuuliza Donatus. Alisema ni sauti aliyopewa."

Thobias aliletwa kituoni adhuhuri, macho mekundu.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mwanza, naonyesha filamu kwa wadhamini. Waulize."

Waliulizwa. Alikuwa anasema kweli. Inspekta akauweka wimbo wa saba. Ulipofika pale sauti inapopanda, Thobias aliinamisha kichwa.

"Ni nani?"

Thobias alisugua macho.

"Thobias. Ni nani?"

"Mama yake Bujiku. Siku ya maziko nilikuwa nachukua video kwa simu. Baadaye nikampa Donatus ile sauti. Alisema muziki wake ulikuwa unakosa roho."

"Mama aliulizwa?"

"Alikubali filamu itengenezwe."

"Sijauliza habari ya filamu."

"Hapana," alisema Thobias. "Hakuulizwa."

Aliyebaki kuhojiwa ni Hosiana, mama lishe mwenye banda mbele ya studio.

"Nani aliingia pale jana?"

"Mama mmoja, mtu mzima. Nguo zote vumbi, kama katoka kuponda mawe. Aliniuliza, 'Yule wa wimbo wa Bujiku anakaa wapi?' Nikamwonyesha."

"Alipotoka?"

"Nilimkaribisha maji ya kunywa. Hakunisikia."

Kesho yake, wakiongozana na askari wa Geita, Inspekta na Fredy walifika Nyarugusu. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mafungu ya mawe ya dhahabu, nyundo zikipanda na kushuka. Nguo, nyusi na mikono yao ilikuwa na vumbi la kijivu. Vumilia, mama yake Bujiku, alikuwa mwisho wa mstari. Alipowaona aliweka nyundo chini.

"Mwadila, mayu," Inspekta alimwamkia kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja."

Kituoni Geita alisomewa haki zake. Aliambiwa anaweza kunyamaza, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Alama za vidole vyake zililingana na zile za kwenye stendi.

"Nitasema," alisema Vumilia. "Kunyamaza kumenishinda."

Philomena alimsogezea kiti.

"Walikuja nyumbani wakaniomba habari za mwanangu. Niliwapa. Wakaomba picha zake, nikawapa. Kilio sikuwapa. Kilio kilikuwa changu na yeye."

"Uliusikia wapi wimbo?"

"Pale tunapoponda mawe. Mtu kafungulia redio, nikajisikia ninalia. Vijana wakauweka kwenye simu zao. Simu ikiita, ni mimi nalia. Mtu akienda kununua vocha, dukani nako nalia mimi. Wengine wakaanza kuniigiza, wanacheka. Juzi mtangazaji kasema aliyeutunga yuko Kahama. Nikanyanyuka hivyo hivyo, nikapanda basi."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kumwomba autoe. Basi."

"Akakataa?"

Vumilia alifikiri. "Hakukataa. Nilipojitaja alifurahi. Aliniamkia kwa heshima, akaniletea soda. Alidhani nimekuja kumshukuru. Kabla sijasema kitu akasema, 'Kaa, mama, usikie nilivyomtukuza mwanao.' Akaufungulia kwenye yale maspika."

Fredy aliacha kuandika.

"Nikamwambia zima. Akanyoosha mkono hivi, macho kafumba. 'Subiri, mama, hapa ndipo panapogusa.' Akaongeza sauti. Mwanangu akafa tena mle chumbani. Nikashika lile dude la chuma, nikapiga spika."

"Halafu?"

"Akaruka kuikinga ya pili. Nilikuwa nimeshanyanyua."

"Kwa hiyo ilikuwa bahati mbaya?"

Fredy aliinua macho. Inspekta alijua kabisa kwamba alikuwa amemfungulia mlango wa kujinasua.

"Hapana," alisema Vumilia. "Nilimwona. Mkono ungezuilika. Sikuuzuia. Akaanguka, na wimbo ukawa bado unaendelea. Nikaipiga na ile spika nyingine. Ndipo nikasikia kimya, nikamtazama. Kijana wa watu. Umri wake na Bujiku hauachani." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mama yake yupo?"

"Yupo. Buseresere."

"Basi sasa analia."

Alitia dole gumba kwenye maelezo yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Ule wimbo, wataufuta?"

"Thobias ameuondoa kwenye albamu. Redio zimeambiwa zisiupige."

"Kwa hiyo hautasikika tena?"

Philomena alitamani kusema ndiyo. Lakini alikuwa ameuandikisha kwa mkono wake mwenyewe miongoni mwa vielelezo vya kesi. Hakuna jaji ambaye angeielewa sababu ya mauaji yale bila kuusikia.

"Utapigwa mara moja, mama. Mahakamani."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Vumilia alitazama mikono yake.

"Siku hiyo," alisema, "naomba mnitoe nje kidogo."

Philomena alijua kwamba mshitakiwa hatolewi nje ushahidi dhidi yake unapotolewa. Hakumwambia. Alimshika mkono, akamsaidia kusimama, wakaenda naye taratibu hadi mahabusu.