Maandishi ya Mfunikoni

Ko! Ko! Ko! Kitu kilikuwa kikishuka ngazi, kikigonga kila kidato, na watu ukumbini wakageuka kabla hawajakiona. Lilikuwa bomba la plastiki lenye bango la utafiti, limemponyoka mwenyewe. Dada wa watu alilifuata mbio, gauni la samawati amelikusanya kwa mkono mmoja. Chini, kijana aliyevaa shati jeupe alilizuia kwa mguu.

"Dada, hapa mabango tunayasoma, hatupigwi nayo."

"Na kwenu mali ya watu hupokewa kwa miguu?"

"Kwetu tunaokoa kwanza, adabu baadaye."

Alicheka bila kupenda. Wote wawili walikuwa wamekuja kwenye mkutano wa watafiti chipukizi wa bakteria waletao maradhi. Kijana akamsaidia kubandika bango, kisha akaikodolea macho picha ya sahani za kuoteshea bakteria.

"Kuna nini, Bwana Darubini?"

"Hakuna kitu. Picha nzuri."

Damu zao zilikubaliana. Mchana ule walikunywa chai pamoja mara tatu, na binti alipofika tu hosteli, simu ikalia.

"Nilitaka kujua kama umefika salama."

"Ni kuvuka barabara moja tu!"

"Barabara ina magari, kipenzi."

Neno lile alilala nalo kama mtu aliyepewa zawadi.

Kesho yake alipanda jukwaani. Alieleza habari za bakteria waliokuwa wakiua watoto wachanga katika wodi anamofanya kazi dada yake, muuguzi. Alikuwa amejaribu dawa moja ya zamani juu ya bakteria wale, na juu ya wengine dhaifu wa kulinganishia. Wa wodini walikufa. "Jumatatu ijayo," alimalizia, sauti ikimtetemeka kwa furaha, "watoto wataanza kupewa."

Bwana Darubini akasimama, uso umemparama.

"Samahani. Kwenye picha yako, namba zimeandikwa kwenye mifuniko ya sahani. Una hakika mifuniko haikubadilishana?"

Kila aingiaye maabara huambiwa siku ya kwanza: andika kwenye kitako, mfuniko huhama. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua.

"Nina hakika," alijibu. Hakuwa nayo.

Binti alimkuta kijana kwenye ujia. "Kosa uliliona jana!"

"Niliona."

"Ukaniita kipenzi, ukanyamaza, ukangoja watu mia mbili wakusanyike ndipo uniumbue!"

"Niliogopa utaninunia. Sikujua kama dawa itaanza kutumika Jumatatu mpaka uliposema. Ningenyamazaje tena?"

"Usinipigie simu maisha yako."

Kijana alipiga mara kumi na moja. Simu ililia mpaka ikachoka.

Lakini jioni hiyo hiyo binti alifunga safari ya kurudi kwenye maabara yake, akaanza jaribio upya, safari hii kalamu ikiandika vitakoni. Jumamosi asubuhi alifungua kabati la joto. Bakteria wa wodini walikuwa wamestawi palepale kwenye dawa, wameenea kama ukungu juu ya kioo. Waliokufa walikuwa wale dhaifu.

Fahari ilimshawishi. Angesema jaribio limeharibika, nani angejua? Mficha uchi hazai. Akampigia dada yake.

"Dada, dawa ile msiwape watoto. Nilikosea."

"Mama zao nimeshawaambia."

"Najua, dada. Nisamehe."

"Nani aligundua?"

"Mtu niliyemfukuza."

"Basi mrudishe. Hapa tunahitaji macho, si vinyongo."

Alipiga. Simu ikapokewa kabla haijalia mara ya pili.

"Ulikuwa sahihi," alisema. "Nina dawa sita za kujaribu na mikono miwili tu. Njoo. Na ukija usiseme 'nilikwambia'."

"Sikukwambia, kipenzi. Ndilo kosa langu."

Jumapili alifika, macho mekundu kwa safari. Dada mtu alikuwa maabara, bado na sare yake nyeupe, ameleta sampuli mpya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ndiwe uliyemwumbua mdogo wangu?"

"Ndimi."

"Ungemwambia siku ile ile, mama wale nisingewapa tumaini la bure."

Kijana aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Niliogopa kumkosa."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Akamgeukia. Binti alikuwa ameegemea meza, koti la maabara limefungwa hadi shingoni, midomo ikikataa kutabasamu.

"Sema kwa nguvu," alimwambia, "dada awe shahidi."

"Siahidi kwamba sitakuudhi," kijana alisema. "Ila naahidi, dada yako akisikia: kosa lako nikiliona, utaambiwa wewe kwanza, siku ile ile, macho kwa macho, uninunie usininunie. Na ukinikubali, nitaishi karibu nawe kiasi cha kuyaona yote, nawe uyaone yangu, mpaka mmoja wetu amzike mwenzake."